Safari ya kwanza Tanzania: namna ya kuchagua mikoa ya kutembelea

Likizo ikikaribia, ndugu na marafiki walioko Nairobi, Bujumbura, Muscat au Toronto huuliza swali lilelile: nina wiki mbili, naja Tanzania kwa mara ya kwanza, niende wapi? Jibu wanalopewa mara nyingi ni majina matatu: Serengeti, Kilimanjaro, Zanzibar. Yote yanastahili sifa zake. Lakini ratiba inayoyaunganisha imepangwa kwa ajili ya mgeni asiyejua hata kusalimia, ambaye lazima aongozwe kila anakokwenda. Wewe unajua Kiswahili. Unaweza kukata tiketi stendi, kuuliza bei sokoni, kukaa kwa mama ntilie na kupata habari za mji kabla chai haijapoa. Hilo linakufungulia sehemu kubwa ya nchi ambayo wageni wengi huipita kwa ndege, na ni hasara kulipa gharama ya kuja halafu usilitumie.

Shida ni kwamba nchi ni kubwa. Mikoa ni 31, yaani 26 ya bara na 5 ya visiwani, na eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 940,000. Kenya na Uganda ukiziunganisha bado hazifikii. Huwezi kuiona yote kwa safari moja, kwa hiyo kazi yenyewe ni kuamua utaacha nini. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukianza na ya nne utajikuta unarudi mwanzo.

Hatua ya kwanza: anza na mlango

Wengi huorodhesha vivutio kwanza, ndipo watafute namna ya kuvifikia. Geuza. Anza na mahali utakapoingilia, kwa sababu kila mpaka na kila uwanja wa ndege una kanda yake.

Anayetoka Nairobi asubuhi kwa basi kupitia Namanga hulala Arusha siku hiyohiyo. Wa Mombasa mlango wake ni Horohoro, na mji wa kwanza ni Tanga: kuna mapango ya Amboni, kuna Pangani na mto wake, na Milima ya Usambara iko nyuma yake tu. Kumwambia mtu wa Mombasa apande kwanza hadi Arusha ni kumzungusha bure. Anayepitia Taveta huingilia Holili na kufika Moshi. Wa Migori hupitia Sirari kuelekea Musoma na Mwanza. Mganda akivuka Mutukula yuko mkoani Kagera, Bukoba haiko mbali. Mrundi, na Mkongomani wa Uvira au Kalemie, jirani yake ni Kigoma, na Kigoma ina mambo: Ujiji, ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, na hifadhi ya sokwe ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti wake mwaka 1960. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kukata nchi nzima ndipo aseme amefika Tanzania.

Wanaokuja kwa ndege kutoka Ghuba, Ulaya au Amerika wana milango mitatu mikubwa: Dar es Salaam, uwanja wa Kilimanjaro (KIA) ulio kati ya Arusha na Moshi, na Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar. Hapa kuna jambo moja linalookoa siku nzima: kata tiketi ya kuingilia mlango mmoja na kutokea mwingine. Ukishuka KIA na kuondokea Zanzibar, hurudi nyuma hata mara moja. Tofauti ya nauli, ikiwapo, linganisha na gharama ya siku moja ya kulala na kusafiri, kisha ndipo uamue.

Nyaraka usizifanyie mzaha. Beba pasipoti. Ukitokea nchi zenye homa ya manjano, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo, beba na kadi ya chanjo. Pasipoti hiyo iwe nawe hata unapotoka Dar kwenda Unguja, maana bandarini uhamiaji huikagua tena.

Hatua ya pili: hesabu siku, kisha toa za barabarani

Chukua karatasi. Andika siku ulizonazo, toa ya kuwasili na ya kuondoka. Baada ya hapo, kila safari ya basi inayozidi saa sita ihesabu kuwa siku nzima. Ya boti kwenda Unguja ni nusu siku. Ya ndege za ndani nayo ni nusu siku, hata kama iko hewani saa moja, kwa sababu ya foleni ya kwenda uwanjani na kusubiri.

Dar es Salaam hadi Arusha ni kama kilomita 640, na kwa basi ni saa kumi au zaidi. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Dar hadi Mwanza ni zaidi ya 1,100. Usiamini saa unazoonyeshwa na ramani ya simu. Ile haijui kwamba vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa na trafiki wamesimama na tochi zao za kupimia mwendo, wala haijui kwamba basi litasimama kwa chakula, kwa mizani na kwa kuchimba dawa, yaani kujisaidia.

Treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, imebadilisha hesabu hii upande mmoja. Tangu 2024 Dar hadi Morogoro ni chini ya saa mbili, na Dodoma ni chini ya saa nne. Mikoa hiyo miwili, ambayo zamani ilikuwa ya kupitia tu, sasa inafaa kuwa kituo chako cha kwanza bara, kwa sababu unaepuka msongamano wote wa kutoka Dar kwa barabara.

Kanuni ninayoitetea ni hii: kila kituo kipewe angalau siku tatu za kulala. Siku ya kwanza unafika umechoka, ya pili unaona ulichokifuata, ya tatu ndiyo siku ya mji wenyewe, siku ya kuelekezwa na watu mambo ambayo hukuyajua. Kwa hiyo wiki moja ni vituo viwili. Wiki mbili ni vitatu, au vinne kwa mtu asiyechoka. Anayetaka Serengeti, Mwanza, Mbeya na Zanzibar kwa siku kumi, akitoa za barabarani, atabaki na siku nne au tano za kuona kitu.

Hatua ya tatu: tazama mwezi

Kaskazini na pwani zina mvua mara mbili kwa mwaka: masika, Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Nyanda za Juu Kusini, kusini na sehemu kubwa ya magharibi zina msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo mwezi uleule unaweza kuwa mzuri kanda moja na mbaya kanda nyingine.

Serengeti ndiyo inayowachanganya wengi. Nyumbu hawakai mahali pamoja. Januari hadi Machi wako kusini, upande wa Ndutu, na Februari ndipo wanapozaa kwa wingi. Mei na Juni huelekea magharibi, kwenye Mto Grumeti. Kile kivuko cha Mto Mara ambacho watu hukiona kwenye televisheni ni cha kaskazini, kati ya Julai na Oktoba. Hifadhi ina kilomita za mraba 14,763. Ukienda mwezi wa Februari ukalala kaskazini kabisa, utaona nyasi nzuri na nyumbu wachache. Uliza kwanza wako wapi, ndipo ulipie malazi.

Hifadhi za Tarangire na Ruaha hupendeza kiangazi, Juni hadi Oktoba, wanyama wanapolazimika kuja mtoni. Hifadhi ya Kitulo, kwenye mpaka wa Njombe na Mbeya, ni kinyume chake: wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua, na maua hayo huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Anayetaka kumwona papa potwe kisiwani Mafia aje kati ya Oktoba na Februari.

Mvua kubwa ikipita kiasi, barabara hukatika. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mafuriko yake vilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi, na mabasi yakakwama njiani. Kilwa na Mtwara ziwekee kiangazi.

Kuna na kalenda ya watu, ambayo vitabu vya wageni huisahau. Wiki mbili za mwisho za Desemba, Wachaga, wenyeji wa Kilimanjaro, wanapanda kwenda kwao, na tiketi za Dar hadi Moshi na Arusha huwa za kugombania. Kama huna tiketi mapema, kipindi hicho elekea Nyanda za Juu Kusini. Mwezi wa Ramadhani, Zanzibar mchana migahawa mingi hufungwa na watu hutarajia mgeni awe na adabu, asile hadharani. Jioni zake, hata hivyo, ni tamu kuliko za mwezi mwingine wowote. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, na Mji Mkongwe wa Zanzibar hujaa. Na Juni na Julai usiende Njombe, Mbeya wala Lushoto bila sweta, baridi yake si ya kusimuliwa.

Hatua ya nne: chagua njia moja

Sasa una mlango, una siku, una mwezi. Chagua njia moja inayoungana yenyewe, na uiache nchi iliyobaki kwa safari nyingine.

*Kaskazini.* Arusha, Karatu, Ngorongoro, Serengeti, kisha Moshi. Hii ni njia ya wanyama na mlima, na kwa wanyama haina mpinzani. Wasio na nia ya kupanda Kilimanjaro wasidhani Moshi haiwahusu: Marangu na Materuni kuna maporomoko na mashamba ya kahawa yaliyochanganywa na migomba, na chemchemi ya Chemka iko upande wa Boma Ng'ombe. Kupanda hadi kileleni, mita 5,895, ni safari ya siku tano hadi nane inayojitegemea. Usiichomeke katikati ya ratiba ya wiki mbili yenye mambo mengine manne.

*Nyanda za Juu Kusini.* Morogoro, Iringa, Mbeya. Kwa mtu anayejua Kiswahili na ana siku kumi au zaidi, hii ndiyo ningemshauri kabla ya zote, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, njia yenyewe ni matembezi. Ukipanda basi la Iringa pale stendi ya Msamvu, Morogoro, baada ya muda barabara kuu inaingia ndani ya Hifadhi ya Mikumi na kukaa humo kama kilomita 50. Dereva anapunguza mwendo kwa sheria, abiria wanafunua mapazia, na twiga, swala na nyati unawaona kutoka kwenye siti yako, kwa nauli ya basi. Siku ya bahati kuna tembo. Mbele yake unashuka kwenye bonde la mibuyu, mibuyu kwa mamia kila upande, Mto Ruaha Mkuu ukiwa jirani. Pale Ruaha Mbuyuni wachuuzi wanainua vitunguu hadi dirishani. Kisha basi linaanza kuupanda Mlima Kitonga. Malori yenye mizigo ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia ya chini kabisa, moja nyuma ya jingine, na ukitazama chini unaona barabara uliyotoka ikiwa imejikunja. Ukifika juu, hewa ni nyingine. Panda basi la asubuhi. Likikupitisha usiku, yote haya umeyakosa.

Pili, Iringa ina historia ambayo kila Mwafrika Mashariki anapaswa kusimama mbele yake. Wahehe chini ya chifu wao, Mtwa Mkwawa, waliwapiga Wajerumani pale Lugalo, Agosti 17, 1891. Ngome yake ya Kalenga ilianguka 1894, lakini yeye aliendelea kupigana hadi alipojiua mwaka 1898 akikataa kukamatwa. Kichwa chake kilichukuliwa, kikarudishwa 1954, na fuvu hilo liko kwenye makumbusho madogo ya Kalenga, karibu na mjini. Mtunzaji atakueleza kwa Kiswahili, taratibu, na utauliza maswali yako bila mkalimani. Kwenye barabara ya Mbeya, kama kilomita 20 kutoka Iringa, kuna Isimila: zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na maji. Hifadhi ya Ruaha, kwa mwenye bajeti ya gari, huanzia hapahapa Iringa.

Tatu, Mbeya na majirani zake. Ziwa Ngosi liko ndani ya kasoko, unatembea msituni hadi kwenye ukingo. Rungwe kuna chai, ndizi na Daraja la Mungu, mwamba uliojipitisha wenyewe juu ya Mto Kiwira. Ukiendelea hadi Matema, Ziwa Nyasa lina ufukwe wa mchanga chini ya Milima ya Livingstone, na Jumamosi pale Lyulilo kuna mnada wa vyungu vya Wakisi. Panga Jumamosi yako iangukie hapo. Kurudi, panda ndege uwanja wa Songwe hadi Dar, barabara umeshaiona.

*Pwani na visiwa.* Dar, Bagamoyo, Unguja, na Pemba kwa anayetaka utulivu. Boti ya Dar hadi Unguja ni karibu saa mbili. Siku mbili za Mji Mkongwe zinatosha kama unaamka mapema. Ufukwe ndio wa kuchagua kwa makini, na cha kuangalia ni maji. Mashariki, Paje na Jambiani, maji yakikupwa bahari inaondoka mbali mno. Unabaki na uwanda wa mchanga mweupe, mashamba ya mwani yakiwa wazi na kina mama wakiinama kuvuna, na huwezi kuogelea hadi maji yajae. Kuna wanaokuja kwa ajili ya mandhari hiyo, na wengine huondoka wamekasirika. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, unaogelea saa yoyote, ila watu ni wengi na bei ziko juu. Mwenye watoto wanaotaka maji tu aende Kendwa. Mimi naupenda mashariki, kwa sababu kijiji bado ni kijiji.

*Kusini ya pwani.* Kilwa, Lindi, Mtwara. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji. Vibali hukatwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti. Ni kama kilomita 300 kutoka Dar. Siku tatu au nne zinatosha kwa Kilwa peke yake, na inaungana vizuri na Dar au Mafia.

*Ziwa na magharibi.* Mwanza, Musoma, Bukoba, Kigoma. Watu wa upande wa ziwa wana faida moja isiyotangazwa: Lango la Ndabaka la Serengeti liko kando ya barabara ya Mwanza hadi Musoma, kwa hiyo wanaweza kuingia hifadhini bila kufika Arusha. Daraja la J. P. Magufuli, lililofunguliwa 2025, limeondoa foleni ya kivuko kati ya Kigongo na Busisi, na safari ya Mwanza kwenda Geita na Bukoba imekuwa nyepesi. Hifadhi ya Mahale iachie safari nyingine. Ni ya boti na pesa nyingi.

Anayetaka kuunganisha kaskazini na kusini asirudi Dar. Barabara ya Arusha, Babati, Kondoa hadi Dodoma ni ya lami, na ndani yake kuna michoro ya miambani ya Kolo, nayo ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Kutoka Dodoma unashuka Iringa kupitia Mtera.

Hatua ya tano: pesa inaamua idadi ya siku za hifadhi

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na dola anazolipa mgeni wa mbali. Wengi husikia hilo wakafurahi, wakasahau gari. Gari la kukodi na dereva wake halijui uraia wako. Bei ni ya siku, na mafuta juu. Ukienda peke yako, gari ndilo litakalokula bajeti. Mkiwa watano au sita, inakuwa rahisi. Ngorongoro ina mamlaka yake yenyewe, kuna tozo ya gari kushuka kreta, na anayekwenda Serengeti kutoka Arusha hupita humo na kulipia. Omba mchanganuo wa maandishi: kiingilio, gari, mafuta, malazi, chakula, kila kimoja kivyake.

Bajeti ikibana, punguza siku za hifadhi, usipunguze siku za mji. Siku moja kamili ya Mikumi kutoka Morogoro inakupa simba kwa bahati na twiga kwa hakika, halafu pesa iliyobaki inakulaza gesti safi wiki nzima kule Iringa na Tukuyu, mji wa Rungwe.

Hatua ya sita: kata vichache mapema, vingine viache wazi

Vya kukata mapema: ndege, gari la hifadhini, malazi ya ndani ya hifadhi, na mahali pa kulala Zanzibar kama ni Julai, Agosti au mwisho wa Desemba. Tiketi ya SGR ikate siku kadhaa kabla ukiwa na namba ya kitambulisho au pasipoti, hasa ya Ijumaa na Jumapili. Basi la asubuhi likate jana yake, kwenye ofisi ya kampuni, si kwa kijana anayekuvuta mkono getini. Dar, mabasi mengi ya mikoani huanzia Stendi ya Magufuli, Mbezi, nje ya mji. Usilale Kariakoo ukitegemea kuwahi basi la saa kumi na mbili asubuhi.

Gesti za mikoani usizilipie kabla. Fika, omba kukiona chumba, fungua bomba, uliza kama kuna maji ya moto, ndipo utoe pesa.

Siku ya mwisho iwe katika mji wenye uwanja wa ndege au mpaka utakaotokea. Kama unaruka kutoka Dar, rudi kutoka Unguja jana yake. Bahari ikichafuka boti huahirishwa, na kutoka bandarini hadi uwanjani jioni, foleni peke yake inaweza kula saa mbili.